Kuzuia Damu na Kuzuia Damu Kuganda: Msamiati wa Upasuaji wa Matundu Madogo katika Njia ya Mkojo

Kitenzi *zuia* hubeba maana zisizopungua tatu katika Kiswahili sanifu: kufanya jambo lisitokee, kukomesha jambo lililokwisha kuanza, na kukishikilia kitu kisipite. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutuchagulia maana, wala hakuna anayepotea. Mbele ya daktari wa figo na njia ya mkojo, hata hivyo, upana huo unaweza kumgharimu mtu.

Tuchukue fungu la maneno *dawa ya kuzuia damu*. Kwa mfamasia, hiyo ni dawa inayosaidia damu ikome kutoka, kama vile asidi ya traneksamiki. Sasa tuongeze neno moja tu: *dawa ya kuzuia damu kuganda*. Hapo tumevuka hadi ng'ambo ya pili. Tunazungumzia warfarini, klopidogreli, aspirini na jamaa zake, dawa ambazo humfanya mtu atokwe na damu kwa muda mrefu zaidi anapojikata. Neno linalotenganisha dawa hizo mbili limekaa mwishoni, na neno la mwishoni ndilo ambalo msemaji mwenye haraka hulimeza. Mgonjwa akiulizwa wiki moja kabla ya upasuaji, "Je, mzee, unatumia dawa ya kuzuia damu?" anaweza kujibu kwa moyo mweupe kwamba hatumii, kwa sababu hajatokwa na damu mahali popote. Kidonge anachomeza kila jioni kwa ajili ya moyo wake hakikumjia akilini, kwa kuwa hakikuulizwa.

Wako wanaosema *dawa ya kuyeyusha damu* au *ya kulainisha damu*. Damu haiyeyushwi na warfarini, wala haikuwa ngumu hata ilainishwe. Pamoja na kasoro hiyo, sisi tunaona msemo huo ni afadhali kuliko *dawa ya kuzuia damu*, kwa kuwa hauwezi kueleweka kinyume. Ulio bora zaidi ni kutumia kitenzi katika hali ya kukanusha: *dawa inayofanya damu isigande upesi*. Na ulio bora kupita wote ni kumwambia mgonjwa aje na dawa zake zote mkononi. Kuzisitisha au kutozisitisha ni uamuzi wa daktari. Warfarini kwa kawaida husitishwa siku 5 hivi kabla ya upasuaji, lakini mwenye valvu ya bandia moyoni akiacha dawa kwa shauri lake mwenyewe anaweza kupata bonge la damu lililo hatari kuliko upasuaji wenyewe.

Tundu bila ufunguo

Upasuaji tunaouzungumzia huitwa *upasuaji wa matundu madogo*, na kitaalamu, pale unapofanywa tumboni, *laparoskopia*. Badala ya mkato mmoja mrefu, daktari hutoboa matundu machache, mengi yakiwa na upana wa milimita 5 hadi 12. Hulijaza tumbo gesi ya kabonidayoksaidi ili ukuta wake uinuke, kisha hupitisha kamera na vifaa virefu vyembamba. Wapo walioandika *upasuaji wa tundu la ufunguo*. Tafsiri hiyo ya neno kwa neno humwacha msomaji akiutafuta ufunguo. Kinyume cha upasuaji wa matundu ni *upasuaji wa wazi*, si *upasuaji wa kawaida*, maana hospitali nyingi duniani sasa huondoa figo kwa matundu, na huo ndio uliokuwa wa kawaida kwao.

Ufundi huu umefungamana na njia ya mkojo, na pia na damu, tangu ulipozaliwa. Mwaka 1901 daktari Georg Kelling wa Dresden, Ujerumani, alimtia mbwa hewa tumboni na kuvichungulia viungo vyake kwa kifaa kilichokuwa kimebuniwa na Maximilian Nitze kwa ajili ya kuchungulia kibofu cha mkojo. Lililokuwa likimshughulisha Kelling ni damu: alitaka kujua kama shinikizo la hewa lingeweza kuikomesha damu inayovuja ndani ya tumbo pasipo kulipasua. Hewa haikutosha kwa kazi hiyo, lakini njia ya kuchungulia ilibaki. Mwaka 1990 Ralph Clayman na wenzake huko St. Louis, Marekani, waliondoa figo nzima kwa matundu kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo wazo la Kelling halikuwa la bure. Gesi inayotiwa tumboni leo huwa na shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, kipimo kilekile ambacho msomaji hukiona anapopimwa presha na kuambiwa 120 kwa 80. Shinikizo la damu ndani ya vena za tumboni ni dogo; gesi huzigandamiza, nazo zikitobolewa huvuja taratibu. Daktari akiona vena inatoa damu anaweza kuomba shinikizo liongezwe kwa muda mfupi hadi 20, apate nafasi ya kutazama na kushona. Ateri ni habari nyingine. Yenye msukumo wa 120 haijali gesi ya 15.

Msaada huo wa gesi una hila ndani yake. Vena iliyonyamazishwa na shinikizo haijafungwa, imenyamaza tu. Gesi ikitolewa mwishoni na matundu yakashonwa, huanza tena kuvuja gizani. Ndiyo sababu madaktari waangalifu hulishusha shinikizo hadi 5 hivi kabla ya kumaliza, wakangoja dakika kadhaa, wakatazama upya kitanda cha figo au pale tezi ilipokuwa. Mwandishi wa taarifa ya upasuaji akiandika *damu ilidhibitiwa* bila kusema kama shinikizo lilishushwa, ameacha nje jambo ambalo msomaji wa taarifa hiyo usiku wa manane atalihitaji.

Kugandamiza, kubana, kufunga, kuziba

Katika upasuaji wa wazi, jibu la kwanza kwa damu ni mkono. Daktari *hugandamiza* kwa kidole au kwa gozi, damu hutulia, kisha hufikiri. Katika upasuaji wa matundu mkono uko nje. Isitoshe, damu hufyonza mwanga, hivyo picha kwenye skrini huingia giza, na tone likirukia kioo cha kamera, daktari huwa kipofu mpaka itolewe na kufutwa. Na kwa kuwa kamera hukuza, damu ya kijiko kimoja huonekana kama mto. Yote hayo hutokea jirani na figo, na figo zote mbili hupitisha takribani lita 1 ya damu kila dakika, ilhali mwili mzima wa mtu mzima una lita 5 hivi. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa kabla damu haijatoka: mshipa hutafutwa, huwekwa wazi pande zote, hutambuliwa, hufungwa, ndipo hukatwa.

Hapa Kiswahili kina vitenzi vya kutosha, ila twavichanganya. *Kubana* ni kushika mshipa kwa kifaa kitakachoondolewa baadaye. *Kufunga*, katika muktadha huu, ni kuumaliza mshipa usipitishe damu tena, kwa uzi, kwa klipu au kwa stepla ya upasuaji. *Kuziba* ni kujaza tundu au mfereji kwa kitu. Tofauti hizi si za kupendezesha lugha. Anapoondolewa sehemu ya figo yenye uvimbe, mgonjwa hubaki na figo iliyosalia, na ateri yake hubanwa kwa muda kwa kibanio kidogo ili daktari akate na kushona mahali pasipo mafuriko. Tangu kibanio kinapowekwa, figo haipati damu, na saa huhesabiwa kwa sauti. Wengi hujitahidi kisizidi dakika 20 au 25, na 30 huonekana kuwa nyingi, kwa sababu figo yenye joto isiyopata damu huanza kuumia. Ukimwandikia mgonjwa huyo kwamba mshipa wa figo yake *ulifungwa*, umemwambia kwamba figo imekufa. Uliandika *funga* ukikusudia *bana*.

Kufunga nako kuna daraja zake. Iko klipu ya plastiki yenye kufuli mwishoni, ambayo madaktari wengi wameipenda kwa wepesi wake. Mwaka 2006 mtengenezaji wake aliweka onyo kwamba isitumike kufungia ateri ya figo ya mtu anayejitolea figo kwa matundu, na mwaka 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikalirudia onyo hilo, baada ya taarifa za klipu kuchomoka na watoaji kufa. Sababu iko katika umbile la kazi yenyewe. Anayeondoa figo yenye saratani anaweza kuacha kisiki kirefu cha ateri, na klipu ikapata pa kushika. Anayechukua figo ili ampandikizie mwingine huitaka ateri iwe ndefu upande wa figo, hivyo kisiki kinachobaki kwa mtoaji huwa kifupi, na klipu hukaa ukingoni. Kwa watoaji hutakiwa njia inayopenya ukuta wa mshipa wenyewe, kama stepla au uzi uliopitishwa kwa sindano, isiyoweza kuteleza. Mtoaji ni mtu mzima wa afya aliyekuja kumsaidia nduguye. Katika fomu yake ya ridhaa, maneno *mshipa utafungwa* ni machache mno. Ana haki ya kusomewa *utafungwa kwa nini*.

Kitenzi *ziba* kina kazi ya pekee baadaye. Wiki moja au mbili baada ya sehemu ya figo kuondolewa, huweza kutokea kwamba ateri ndogo iliyojeruhiwa ndani ya figo ikapasuka, na mgonjwa aliyekwisha kurudi nyumbani akaona mkojo mwekundu. Tiba yake mara nyingi si kumpasua tena. Mrija mwembamba hupitishwa katika ateri ya kinena hadi ndani ya figo, na tawi linalovuja huzibwa kwa koili ndogo ya chuma. Tawi hilo *limezibwa*, halikubanwa wala halikushonwa.

Mshipa upi?

Hakuna neno linalotuponza katika uwanja huu kama *mshipa*. Kamusi hulipa maana ya njia ya damu, lakini neva nazo huitwa *mishipa ya fahamu*, na katika matumizi ya watu wengi *mshipa* ni ugonjwa: ngiri, au uvimbe wa korodani. Mwanamume akiambiwa na daktari wa njia ya mkojo, "Tutaufunga mshipa," ana tafsiri tatu za kuchagua, na zote ziko eneo lilelile la mwili.

Jambo hilo huwa zito zaidi katika upasuaji wa kuondoa tezi dume yenye saratani. Mbele ya tezi pana fungamano la vena nyingi, linaloitwa kwa jina la Santorini, mwanaanatomia wa Venice wa karne ya 18. Kwa miaka mingi vena hizo ziliufanya upasuaji huo uogopwe, maana damu ilifunika kila kitu na daktari alikata kwa kubahatisha. Mwaka 1979 Patrick Walsh wa Johns Hopkins, Baltimore, alieleza namna ya kuzidhibiti kwanza kabla ya kuendelea. Uwanja ulipokauka, vilionekana vilivyokuwa vimefichwa na damu, zikiwemo neva nyembamba zipitazo ubavuni mwa tezi kwenda uumeni, na mwaka 1982 aliufanya upasuaji wa kuzinusuru kwa makusudi. Kwa hiyo kudhibiti damu hakukuokoa damu peke yake. Kuliokoa nguvu za kiume za watu wengi.

Neva hizo hutembea zikiwa zimeshikana na mishipa ya damu, na hapo ndipo kitenzi kingine huingia: *gandisha*. Harvey Cushing alikitumia kifaa cha William Bovie kugandisha damu kwa umeme katika upasuaji huko Boston mwaka 1926. Leo viko vifaa vinavyobana mshipa na kuuziba kwa joto na shinikizo, hata wenye upana wa milimita 7. Wagonjwa huambiwa kwamba mshipa *utachomwa*. Si kosa, lakini *kuchoma* hutaja kinachofanywa na *kugandisha* hutaja kinachokusudiwa, na tofauti ya mawili hayo ni joto linalosambaa kando. Ubavuni mwa tezi dume, joto linalogandisha damu huunguza pia neva iliyo pembeni. Kwa hiyo daktari anayetaka kuinusuru huuacha umeme na kutumia klipu ndogo au uzi, akakubali damu kidogo itoke kwa muda. Damu nyingine ni afadhali iachwe ivuje dakika chache.

Pendekezo letu ni kwamba *mshipa* lisiandikwe peke yake katika maandishi ya uwanja huu. Iandikwe *mshipa wa damu* au *mshipa wa fahamu*, na panapohitajika umakini zaidi, *ateri*, *vena* na *neva*, maneno yaliyokwisha kuzoeleka vitabuni. *Ngiri* iitwe ngiri.

Kutoka, kutokwa, kuvuja, kuvilia

Sarufi nayo ina lake. *Mgonjwa alitoa damu* ni mtu aliyekwenda kuchangia. *Mgonjwa alitokwa na damu* ni mtu aliyepoteza bila kutaka. Mnyambuliko huo mfupi, *-kw-*, unabeba tofauti ya hiari na msiba. Kwa mtu anayerudishiwa damu, lisemwalo sana hospitalini ni *kuongezewa damu*, na halina utata.

*Vuja* ni kutoka polepole kupitia upenyo, na hupendeza kwa vena. Kwa ateri iliyokatika husemwa *damu iliruka* au *ilibubujika*. Lakini kuna kitenzi cha zamani ambacho wauguzi vijana wameanza kukisahau, nacho ni *vilia*: damu kutoka katika mshipa wake ikakusanyika ndani ya mwili, chini ya ngozi au kati ya nyama, isionekane nje isipokuwa kwa uvimbe au weusi. Upasuaji wa matundu unakihitaji kitenzi hiki kuliko upasuaji wowote mwingine. Ngozi imefungwa kwa plasta nne ndogo safi, hakuna bendeji iliyolowa, na wakati huohuo damu inaweza kuwa inavilia nyuma ya tumbo. Muuguzi anayeandika *hatokwi na damu* ameandika aonacho. Aongeze mapigo ya moyo na presha, na kama tumbo limejaa, ndipo ataweza kusema kama damu haivilii.

Kuna pia lile la kuacha matundu na kufungua tumbo damu inaposhindikana. Taarifa nyingi husema upasuaji wa matundu *ulishindikana*. Tungependelea *ulibadilishwa kuwa wa wazi*. Daktari anayefungua tumbo mapema ateri kuu inapotoboka hajashindwa na kazi. Ameirudisha mikono yake mahali pa damu. Fomu ya ridhaa inayosema *huenda ukabadilishwa kuwa wa wazi kwa usalama wako* humwandaa mgonjwa kuliko ile inayonyamaza, akaja kuamka na kovu asilolitarajia.

Mpira

Mgonjwa wa njia ya mkojo huamka na *mpira wa mkojo*, ambao vitabuni huitwa *katheta*. Wengi hudhani uliwekwa ili kumwondolea adha ya kwenda msalani. Frederic Foley, daktari wa Marekani ambaye jina lake lingali juu ya mpira huo, aliueleza mwaka 1937 kama kifaa cha kukomesha damu: puto lake lilikusudiwa kuvimbishwa na kuvutwa ili ligandamize pale tezi ilipoondolewa. Kazi hiyo ingalipo. Baada ya tezi dume kukwanguliwa kwa kupitia njia ya mkojo, upasuaji usio na tundu hata moja la ngozi, mpira wenye njia tatu huingiza maji kibofuni mfululizo na kuyatoa, ili damu isipate nafasi ya kuganda humo.

Ikiganda, mpira *huziba*, na muuguzi *huuzibua*, kitenzi kilekile kikiwa kimetiwa kiambishi cha kutendua, kama *funga* na *fungua*. Kibofu kilichojaa mabonge hutanuka, na kinapotanuka damu huzidi kutoka, kwa hiyo kuzibua ni sehemu ya kudhibiti damu. Mgonjwa akisema *mpira umekauka*, yaani hautoi kitu, asiambiwe kwamba ni vizuri.

Limebaki suala la rangi. *Mkojo una damu* ni taarifa isiyopimika, kwani tone moja hutosha kuubadilisha mkojo wa chombo kizima. Rangi ya waridi iliyopauka, ambayo bado unaona vidole vyako nyuma ya mrija, hutarajiwa siku za mwanzo. Rangi ya juisi ya rozela, nzito hata mrija usionyeshe ng'ambo, au yenye mabonge, muuguzi aitwe. Rangi ya chai kavu mara nyingi ni damu ya zamani inayojisafisha. Anayepiga simu kutoka nyumbani aulizwe kwa maneno hayo: ni ya waridi, ya rozela, au ya chai?